Kampuni ya taulo za kike: tuigeuze NGO au tuiache kampuni?

Mshonaji_Iringa
Wakuu, naomba ushauri. Tuna kampuni ya hisa iliyosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni Tanzania), wanahisa wawili. Tunashona taulo za kike za kufua na kufundisha hedhi salama mashuleni. Vyerehani 14, waajiriwa 9, mkopo wa benki haujaisha. Mishahara inatoka kwenye mauzo. Mafunzo hayaingizi kitu. Kila mfadhili tunayemfuata anasema hatoi ruzuku kwa kampuni. Mwenzangu anataka tuigeuze iwe NGO, na anasema kodi nayo itaondoka. Tuanzie wapi?

Wakili_Kanda
Dada, hakuna fomu ya kuigeuza kampuni ya hisa kuwa NGO. Zamani wengi walipitia kampuni yenye ukomo wa dhamana, yaani isiyo na hisa, ila marekebisho ya sheria ya 2019 yalipeleka shughuli za kijamii zisizo za kibiashara kwa Msajili wa NGOs, chini ya Sheria Na. 24 ya 2002. Kwa hiyo anachokiita mwenzako "kugeuza" ni kazi tatu: kusajili asasi mpya, kuhamisha mali, watu na mikataba, kisha kuifunga kampuni.

Kabla ya karatasi yoyote, kaeni wawili mjibu hili: mko tayari vyerehani 14 visiwe vyenu tena? NGO inaruhusiwa kuuza na kubaki na ziada. Kugawana hiyo ziada ndiko kunakokatazwa. Hakuna hisa, hakuna gawio, huwezi kumuuzia mtu. Ikivunjwa, mali haiwarudii waanzilishi. Mtalipwa mshahara tu, ule utakaopitishwa na bodi, na bodi hiyo inaweza kuwaondoa.

Hesabu_Safi
Naongezea upande wa kodi, maana hapo mwenzako amekosea. Cheti cha NGO hakifuti kodi ya mapato. Ili TRA (mamlaka ya mapato) wakutambue kama asasi ya hisani unaomba uamuzi wa Kamishna wao, na shughuli zako ziangukie kwenye makundi ya sheria: kuwaondolea watu umaskini au dhiki, elimu, afya ya jamii na machache mengine. Hata ukipata, mapato ya biashara bado yanakokotolewa kodi.

Tuseme baada ya gharama mmebaki na milioni 40. Kampuni inalipa 30%, yaani milioni 12. Asasi yenye uamuzi inatoa kwanza kilichotumika kwenye malengo yake, tuseme milioni 22, halafu 25% ya zile milioni 40, yaani milioni 10. Inabaki milioni 8, kodi yake ya 30% ni milioni 2.4. Nafuu ni kubwa, lakini imekuja kwa sababu milioni 22 zimekwisha kwenda kwa wanafunzi. PAYE (kodi ya mishahara), michango ya NSSF (hifadhi ya jamii) na kodi ya zuio (inayokatwa kwenye malipo) ziko palepale.

Na mali mkihamisha bure kwa asasi yenu wenyewe, msidhani TRA wataandika sifuri. Wanaweza kuangalia bei ya soko.

Mshonaji_Iringa
Asanteni sana. Je, tukibaki na kampuni, tukasajili NGO ya mafunzo pembeni, kampuni iwe inaichangia?

Hesabu_Safi
Hiyo ndiyo njia ningewashauri, maana mauzo ndiyo yanayowalisha. Ila mchango kwa asasi ya hisani unakubaliwa kama gharama ya kikodi usiozidi 2% ya mapato ya biashara, na asasi iwe na ule uamuzi wa Kamishna. Kinachozidi ni hiari yenu, kodi yake mnalipa.

Hatari kubwa iko upande wa pili: NGO inapata ruzuku, inanunua taulo kwenye kampuni ya viongozi wake wenyewe. Mkaguzi wa mfadhili anaanzia hapo. Bodi ya NGO iwe na wengi wasio na hisa kwenye kampuni. Ninyi wawili mtangaze maslahi kwa maandishi na mtoke kikaoni bei inapojadiliwa. Nukuu tatu za bei ziwekwe kwenye faili. Akaunti mbili za benki, TIN (namba ya mlipakodi) mbili. Fundi anayefanya kazi pande zote awe na daftari la saa, la sivyo mshahara wake utakataliwa kwenye ripoti.

Wakili_Kanda
Naunga mkono. Usajili unaanza na kikao cha waanzilishi: muhtasari wenye majina kamili na saini, katiba, taarifa za viongozi na anwani ya ofisi. Chagueni ngazi kwa makini, wilaya, mkoa au taifa. Ukisajili wilaya usiende kufanya mradi mkoa wa jirani. Cheti ni cha miaka 10, lakini ripoti na hesabu zilizokaguliwa ni kila mwaka, kwa hiyo ada ya mkaguzi iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Jina na nembo vibaki vya kampuni, NGO ivitumie kwa mkataba wa maandishi. Mkopo msiuguse, na kama vyerehani ni dhamana, benki lazima ikubali kabla hata kimoja hakijahama.

Mkija kuamua kuifunga kampuni, msiitelekeze tu: ritani za BRELA na TRA zinaendelea kudaiwa na faini zinapanda. Pia mkiwaachisha waajiriwa ili waajiriwe upya, aliyemaliza mwaka anadai kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10. Piga hesabu ya watu 9 kabla ya kikao na mwenzako.