Mjadala: Nyumba za umma zigawiwe kwa foleni, kwa uhitaji au kwa droo?

Mleta mada

Wadau, naleta hoja hii nikijua nitapigwa mawe. Nyumba za umma, yaani zile za manispaa au za mashirika yasiyotafuta faida, zinazopangishwa chini ya bei ya soko, karibu kila zilipo hazitoshi. Kwa hiyo lazima pawe na kanuni ya kuamua nani apewe funguo na nani aendelee kusubiri. Kanuni kubwa ni tatu: foleni, ambapo aliyejiandikisha mapema hutangulia, uhitaji, ambapo mwenye shida kubwa hutangulia, kwa alama au kwa madaraja, na droo. Ukiuliza watu kumi, wanane watakwambia foleni ndiyo haki. Mimi naona foleni ndiyo inayodhulumu kuliko zote, ila inadhulumu kwa adabu kiasi kwamba hakuna anayelalamika.

Chukueni Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Manispaa ina wakala wake wa kugawa nyumba za kupanga. Ukifika miaka 18 unajiandikisha, unalipa ada ndogo kila mwaka, na kila siku inayopita inahesabiwa kwako. Usipolipa ada, siku zote ulizokusanya zinafutwa. Walioko kwenye orodha ni zaidi ya 700,000, na wengi wao hawatafuti nyumba leo. Wamekaa vizuri tu, wanalimbikiza siku. Sasa nani mwenye siku nyingi? Ni yule ambaye mzazi wake anaujua utaratibu na alimkumbusha mapema. Aliyehamia juzi kufuata kazi, aliyekimbia ndoa yenye kipigo, aliyetoka gerezani, hao wanaanza na sifuri.

Na foleni ya kuwahi mlangoni ndiyo mbaya zaidi. Agosti 2010, kule East Point, Georgia, Marekani, zilitolewa fomu za kuombea msaada wa kulipia kodi ya pango. Fomu tu, jamani, nyumba zenyewe hazikuwepo. Walijitokeza watu wapatao 30,000, wakasukumana juani hadi 62 wakaumia. Linganisha na New York mwaka 2024. Mamlaka ya nyumba ilifungua orodha ya vocha za kodi, yaani hati za kumsaidia mpangaji kulipa pango, kwa wiki moja, baada ya kuifunga karibu miaka 15. Maombi yakapita 600,000, kompyuta ikachagua 200,000 kwa kura. Waliokosa waliumia, sikatai. Lakini aliyeomba siku ya kwanza asubuhi na aliyeomba siku ya mwisho usiku walikuwa sawasawa, na hakuna aliyelazimika kumjua mtu ndani.

Pendekezo langu: kiwekwe kizingiti cha uhitaji, kila aliyekivuka aingie kwenye droo, na anayekosa aongezewe uzito awamu inayofuata. Singapore, kwenye nyumba za umma za kununua, tayari wanafanya kitu cha namna hiyo: waombaji wa mara ya kwanza wanaokosa tena na tena huongezewa nafasi kwenye baadhi ya droo. Nipingeni.

Mzee wa Zamu

Mkuu, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kusubiri kitu. Foleni ina jambo moja ambalo droo haitakuwa nalo milele: inaniruhusu kupanga maisha. Nikiona waliopata mwezi huu walijiandikisha lini, najua nimebakiza kiasi gani. Naamua kama nizae mtoto wa pili, kama nibadili kazi, kama nivumilie hapa nilipo. Kwenye droo yako kila awamu naanza upya na moyo unadunda.

Halafu hiyo kompyuta inakaguliwa na nani? Tarehe ya kujiandikisha hata mimi naisoma. Nikisikia wa nyuma yangu kapewa kabla yangu, naenda kugonga meza. Ukishindwa droo unagonga meza ya nani? Wahenga hawakukosea, mvumilivu hula mbivu.

Mleta mada

Mzee wangu, mbivu nyingi zimeshaliwa na waliopanda mtini kabla hujajua kuna mti. Ila hoja ya ukaguzi naichukua. Droo ichezeshwe hadharani na namba zibandikwe.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ya ugawaji nyumba hadi nikastaafu, mji siutaji. Naomba niwarudishe nyuma kidogo, maana nyote wawili mnazungumza kana kwamba waombaji wamepanga mstari na tunawaona nyuso.

Kwanza, Stockholm si foleni tupu. Ipo njia ya kupewa kipaumbele kwa sababu nzito za kiafya au kijamii, ila wanaokubaliwa ni wachache. Pili, Uingereza ilishaondoka kwenye foleni ya tarehe. Sheria ya makazi ya 1996 inazitaka halmashauri ziwape upendeleo wasio na makazi, wanaoishi kwa msongamano au kwenye nyumba zisizofaa kwa afya, wenye sababu za kitabibu au ustawi, na wanaolazimika kuhamia eneo fulani la halmashauri ili wasipate madhila. Tarehe mara nyingi hubaki ya kuvunja sare.

Sasa niwaambie kinachoamua mezani. Ni viambatisho. Mwombaji A ana shida kubwa na bahasha nyembamba. Mwombaji B ana shida ya wastani, lakini kaleta barua ya daktari inayotaja ngazi, hati ya mapato, vyeti vya watoto, mkataba wa zamani na barua ya mwenye nyumba ya kumtaka aondoke. Mimi siruhusiwi kumpa A alama kwa ninachokihisi. B anapanda. Kuna barua za madaktari zinazoandika "mgonjwa atafaidika na nyumba bora". Nani asiyefaidika na nyumba bora? Barua hiyo haina alama. Ikiandika "hawezi kupanda ngazi zaidi ya sita bila kupumzika, na anaishi ghorofa ya nne pasipo lifti", hiyo ina alama.

Na kuna kufutwa. Orodha nyingi zinamtaka mwombaji ahuishe ombi lake kila mwaka, Ufaransa ikiwemo. Barua ya kukumbusha inakwenda kwenye anwani aliyoiacha, kwa sababu mwenye shida ya nyumba ndiye anayehama hama. Hajibu, jina linatoka. Nilikuwa nikifungua mafaili ya waliofutwa, nakuta hawa ndio hasa orodha iliwekwa kwa ajili yao. Droo haitibu hilo, Mleta mada. Asiyefika kwenye kizingiti chako hapigiwi kura.

Kuhusu msongamano, mjue pia kwamba hauhesabiwi kama mnavyouona kwa macho. Sheria ya Uingereza ya 1985 inaihesabu sebule kuwa mahali pa kulala. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hahesabiwi kabisa, na wa mwaka mmoja hadi asiyefika kumi ni nusu mtu. Ndiyo maana unaingia nyumba ya watu sita, magodoro yamesimamishwa ukutani mchana ili watoto wapate pa kuandikia, na kwenye karatasi haijajaa. Halmashauri nyingi hutumia vipimo vyao vilivyo laini zaidi wanapogawa alama, lakini kipimo cha sheria yenyewe ndicho hicho.

Mama Pacha

Nusu mtu! Aliyeandika hiyo hajalala kitanda kimoja na mtoto wa miaka minne.

Niongeze la kwangu. Tulikuwa chumba kimoja, wanne. Alama zetu zilikuwa nzuri. Nikaona watoto wanakohoa usiku kucha, nikajikamua tukahamia nyumba ya mtu binafsi yenye vyumba viwili, kodi inayokula karibu mshahara wote. Nikaripoti mabadiliko kama fomu inavyotaka. Alama za msongamano zikaondolewa tukashuka daraja. Jirani aliyebaki palepale alipewa nyumba. Simwonei wivu, alihitaji. Lakini huu mfumo wa uhitaji unanifundisha nini? Nikae kwenye ukungu nisubiri.

Mzee wa Zamu

Umeona? Kwenye foleni ya tarehe usingepoteza hata siku moja kwa kuhama.

Hesabu Kali

Mnabishana jinsi ya kugawa upungufu. Tangu Uingereza ipitishe sheria ya 1980 ya kumruhusu mpangaji anunue nyumba ya halmashauri kwa punguzo, England peke yake zimeuzwa takriban milioni 2, na zilizojengwa kuziba pengo hazijakaribia. Leo hiyohiyo England ina kaya takriban milioni 1.3 kwenye orodha. Weka foleni, weka alama, weka droo, hesabu haibadiliki.

Vienna, mji mkuu wa Austria, walianzia upande wa pili. Mwaka 1923 waliweka ushuru wa nyumba uliowabana zaidi wenye majumba ya kifahari, na kufikia 1934 manispaa ilikuwa imejenga nyumba zaidi ya 60,000. Sasa manispaa ina takriban 220,000, na ukijumlisha za mashirika ambayo faida yao imewekewa ukomo, karibu nusu ya wakazi wanaishi kwenye nyumba zilizofadhiliwa. Kiwango cha juu cha mapato ya kuruhusiwa kuomba kimewekwa juu sana hivi kwamba kaya nyingi za mji zinastahili. Huko hakuna anayekuona maskini kwa sababu tu ya anwani yako. Jengeni, mjadala utapoa wenyewe.

Mleta mada

Hesabu Kali, jibu hilo hunichosha kidogo, si kwa sababu ni uongo. Hata Vienna ina mlango. Ili uombe nyumba ya manispaa unatakiwa uwe umeishi mjini humo miaka miwili, na uwe na sababu inayokubalika, kama vile nyumba kukuzidia udogo. Aliyewasili jana hana chake. Na mapato yanakaguliwa wakati wa kuingia tu. Ukishaingia, ukapandishwa cheo mara tatu, hakuna anayekuuliza, na kuna mazingira ambayo mkataba hurithiwa na ndugu wa karibu. Kwa hiyo wenye nyumba nyingi nao wamechagua kanuni: aliyetangulia kuingia ana nguvu. Ni foleni ileile, imehamia ndani ya jengo.

Na yule anayelala kwenye gari leo utamwambia asubiri saruji?

Fundi Kitasa

Nipite hapo kwenye mapato kwa sauti ya mtu anayefunga na kufungua hivyo vitasa. Marekani, sheria ya 2016 inasema mpangaji wa nyumba za umma ambaye kaya yake inazidi kwa miaka miwili mfululizo asilimia 120 ya mapato ya kati ya eneo (yaani ya kaya iliyo katikati, nusu wakiwa juu yake na nusu chini), ama aondolewe ama alipe kodi ya juu. Ufaransa wanamtoza nyongeza. Mie naona nyongeza ina akili, kumtoa hapana. Ukiwatoa kila wanaoinuka, unabaki na jengo ambalo hakuna hata mmoja mwenye kazi ya kudumu wa kumsaidia kijana wa ghorofa ya chini kupata kibarua. Na watu wataficha mapato. Nimeshuhudia watu wakikataa zamu za ziada kwa hesabu ya kodi ya pango tu.

Narudi kusikiliza.

Karani Mstaafu

Mleta mada, umeuliza wa kwenye gari. Huyo ndiye anayenifanya nisikubali droo. Sina ujasiri wa kumwambia mtu aliyevuka vigezo vyote kwamba kompyuta haikumpenda. Mimi nataka uhitaji, lakini uamuzi uandikwe kwa sababu na uweze kukatiwa rufaa. Ufaransa kila nyumba inayobaki wazi hupelekwa mbele ya kamati, na kwa kawaida kamati inapaswa kuangalia waombaji wasiopungua watatu. Sheria ya 2007 ikaongeza haki ya makazi inayoweza kudaiwa mahakamani. Raia anaishtaki serikali akitaka nyumba. Hilo foleni haikupi.

Mleta mada

Na wangapi wameshinda, serikali ikatozwa faini, wao wakabaki hotelini miaka? Eneo la Paris limejaa watu wa namna hiyo, wenye hukumu mkononi bila funguo. Kamati ya watu ikiwatazama waombaji watatu waliolingana, inaamua kwa kigezo gani? Jina la ukoo? Lafudhi? "Huyu ataelewana na majirani"? Hapo ndipo naitaka kura. Wakilingana, mwanadamu aondoe mkono.

Mama Pacha

Swali moja. Mwanangu mmoja hatembei. Tuko ghorofa ya nne, namshusha mgongoni. Kwenye droo yako naingizwa kapu moja na kijana mzima anayetaka tu kuhama kwa wazazi?

Mleta mada

Hapana, mama. Nyumba ya chini isiyo na ngazi, yenye mlango unaopitisha kiti cha magurudumu, haiingii droo ya wote. Inashindaniwa na wanaoihitaji jinsi ilivyo. Na kijana huyo sidhani atakivuka kizingiti.

Karani Mstaafu

Basi umeshagawa kwa uhitaji, umebakiza kura kama chumvi.

Mleta mada

Nimebakiza kura pale ambapo wewe ulibakiza tarehe. Wawili wamelingana kwa kila kitu, wewe unampa aliyejiandikisha kwanza. Mimi nasema kujiandikisha kwanza ni kipimo cha nani alipata taarifa mapema.

Mzee wa Zamu

Na mimi nasema ni kipimo cha nani ameumia kwa muda mrefu. Nipo namba mbili kwa nyumba ya vyumba viwili, wameniambia nisubiri simu. Mje na droo yenu nikishasaini mkataba.