Mjadala: Galaksi za mbali zina nafasi gani katika shule zetu za Lubumbashi?

Mwalimu wa fizikia, Kamalondo
Kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja aliuliza kwa nini saa nzima ya fizikia iliishia kwenye picha ya galaksi, wakati madawati hayatoshi na minervali, yaani ada ya shule, inawasumbua wazazi. Alipigiwa makofi. Naleta swali hapa, na msimamo wangu ni huu: saa ile nitaifundisha tena.

Picha yenyewe ilitolewa Julai 2022, imepigwa na darubini ya angani ya James Webb. Katikati kuna kundi la galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, liitwalo SMACS 0723, ambalo mwanga wake umesafiri miaka bilioni 4.6 kutufikia. Uzito wa kundi hilo unapinda mwanga unaopita kando yake na kuukuza. Ndiyo maana galaksi za nyuma yake, ambazo zingekuwa hafifu mno, zinaonekana: nyembamba, zimevutwa, zimejikunja. Moja mwanga wake umesafiri miaka bilioni 13.1. Niliwaambia wanafunzi watafute galaksi iliyojitokeza mara mbili. Wakaanza kunyang'anyana simu.

Mama wa wanafunzi wawili, Katuba
Mwalimu, kwa heshima zote, mimi nilipiga makofi. Sibishi kwamba ni kweli. Ila darubini ile iligharimu dola bilioni 10 hivi, na ni ya nchi zenye uwezo. Mwanangu anamaliza mwaka huu. Migodi inatafuta watu wa umeme na wa mashine. Galaksi itamfungulia mlango gani?

Mwanafunzi wa chuo, Kampemba
Mama, hakuna anayetuomba tununue darubini. Euclid, darubini ya angani ya Ulaya, ilirushwa 2023, na Machi 2025 walitangaza galaksi 500 hivi zinazodhaniwa kupinda mwanga namna hiyo. Kompyuta ilichuja kwanza, kisha watu wa kawaida waliojitolea wakasaidia kukagua picha kwenye intaneti. Nasi tuna macho. Na ukivuka Kasumbalesa tu uko Zambia, mojawapo ya nchi za Afrika zilizojiunga na Afrika Kusini katika mradi wa darubini za redio wa SKA. Sisi hatumo, na inaniuma.

Mwalimu wa fizikia, Kamalondo
Mama, umeuliza mlango, nao upo hapa hapa Katanga. Wataalamu wakipima mikunjo ile wanapata uzito wa kundi zima, pamoja na maada isiyoonekana kwa darubini yoyote. Mtafiti wa madini naye hupita na kipimo juu ya ardhi. Uvutano ukizidi kidogo mahali, anajua chini kuna mwamba mzito, kabla hajachimba hata shimo moja. Wote wawili wanapima wasichokiona kwa jinsi kinavyovuta.

Wala jambo hili si geni Afrika. Mwaka 1919 Eddington, mwanaastronomia Mwingereza, alikuja kisiwa cha Príncipe, Ghuba ya Guinea, Jua lilipopatwa, akapima jinsi mwanga wa nyota unavyopinda karibu nalo. Nadharia ya Einstein, kwamba uzito hupinda mwanga, ilipata nguvu hapo.

Mama wa wanafunzi wawili, Katuba
Hiyo ya madini hukuitaja mkutanoni. Basi wafundishe na hesabu yake, wasiishie kwenye picha. Na iwe Jumamosi, saa za kujiandaa na mtihani wa Serikali zisiguswe. Kwa sharti hilo, wangu wawili watakuja.