Mwakilishi bila uwakili: mbunge katumwa na nani?

Wadau, hili neno "mwakilishi" linanikera. Asili yake ni wakili, na wakili kila mtu anamjua: unampa kesi yako, anakusemea, akikuvuruga unamtoa unatafuta mwingine. Sasa mbunge wa Tanzania ni wakili wa nani? Ibara ya 63 ya Katiba ya 1977 inasema Bunge lina madaraka kwa niaba ya wananchi. Sawa. Geuza kurasa chache: ibara ya 67 inamtaka awe amependekezwa na chama, ya 71 inamvua ubunge akiacha uanachama. Jimbo zima limempigia kura, ila kadi ikirudi tu, kiti kimekwenda. Mimi niliyepanga foleni tangu alfajiri sina njia ya kumtoa mpaka miaka mitano iishe. Basi aitwe mjumbe wa chama, tujue moja.

Mchangiaji, Unguja: Kwetu neno hilo lina mwenyewe, ndugu yangu. Mwakilishi ni yule wa Chukwani, wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lililoanza 1980. Anayekwenda Dodoma ni mbunge. Siku ya uchaguzi tunapewa karatasi tano, na hao wawili kila mmoja ana yake. Halafu wakili gani anayekuuliza kila sentensi kabla hajafungua mdomo mahakamani? Unayemtaka wewe si wakili, ni tarishi.

Mchangiaji, Nakuru: Huku Kenya haki ya kumtoa iliandikwa, ibara ya 104 ya Katiba ya 2010. Sheria iliyofuata ikaizungushia masharti mpaka Mahakama Kuu ikafuta baadhi yake mwaka 2017. Sijaona bado mheshimiwa aliyefungishwa virago na wapiga kura wake. Kwa hiyo usidhani kuandikwa kunatosha.

Mchangiaji, Mwanza: Mleta mada, unakuza nguvu ya chama. Wale wabunge wanawake 19 wa viti maalumu, chama chao cha upinzani CHADEMA kiliwavua uanachama Novemba 2020, mbona waliendelea kukaa bungeni?

Mleta mada: Wa Unguja, tarishi nimekubali, umenipata. Lakini hata tarishi anajua barua ni ya nani! Wa Mwanza, umenisaidia bila kutaka. Wale 19 hawakuwa na jimbo, na chama ambacho hivyo viti vilitolewa kwa jina lake kimewakana. Sauti zao ziliposikika bungeni, zilikuwa za nani?