Pikapu ya umeme na ile miezi 12 ya wanaorejea nyumbani

Kutoka: Mwana wa Kuze (Leicester)

Assalaam aleikum, hamjambo nyote.

Nimekwama, naomba anayejua anijuze. Nina Maxus T90EV, pikapu ya umeme mtupu, usukani kulia, niliyoichukua kwa mkopo miaka miwili iliyopita. V5C, hati ya usajili wa gari ya Uingereza, ina jina langu tangu siku ile ile. Deni nimelimaliza mwezi uliopita kusudi nirudi nayo Mombasa kwa msamaha wa ushuru wa wanaorejea: baba amechoka, na kazi yake ya kuchukua samaki na barafu yanisubiri mimi. Jana ofisi niliyoiandikia ikanijibu kuwa V5C si ushahidi wa umiliki, na kwamba ile miezi 12 ya kuimiliki gari kabla ya kurudi yahesabiwa tangu nilipolipa fungu la mwisho. Yaani ningoje mwaka mwingine mzima! Kuna aliyepitia haya? Miezi huanza V5C ilipotoka, au deni lilipokwisha? IDF, ile fomu ya kutangaza mzigo unaoingia Kenya, sijafungua.

Kutoka: Mama Tudor (Milton Keynes)

Waaleikum salaam mwanangu. Kwa hilo la V5C hawakukuonea, imeandikwa pale pale juu yake kuwa si ushahidi wa umiliki. Kakangu alirudi na Yaris 2019. Aliambatanisha risiti ya duka na bima ya mwaka mzima, ikapita. Ila yake aliinunua taslimu. Wewe tazama pasipoti yako vizuri: wataka kuona umeishi nje miaka miwili. Na gari ifike ndani ya siku 90 tangu wewe kutua, basi usitangulie sana.

Kutoka: Abu Salma (Dubai)

Mama Tudor, shikamoo, lakini siku 90 si mwisho. Unaweza kuomba uongezewe, isipite siku 360. Tafadhali tuwe waangalifu, watu huuza vitu vyao kwa kutegemea maneno ya humu.

Na hakuna aliyemwambia kijana jambo la kwanza: pikapu ni gari ya mzigo. Msamaha hauchukui gari yenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani mbili. Hesabu ni ya mzigo, si uzito wa gari yenyewe. Yako yabeba kama tani moja, uko salama.

Kutoka: Binti Likoni (Minneapolis)

Nami nauliza hapo hapo. Nina F-150 Lightning, pikapu ya umeme ya Kimarekani, usukani kushoto, naipenda gari hii kama mwanangu. Naweza kuileta?

Kutoka: Abu Salma (Dubai)

Dada, hapana. Usukani kushoto haisajiliwi Kenya, na tumelisema hili kila mwaka. Uza, utunze karatasi zote za mauzo na za kuonyesha uliimiliki mwaka, kisha nunua ya usukani kulia ambayo thamani yake haizidi ile uliyouza. Na KS 1515, kanuni ya Kenya ya ubora wa magari yanayoingizwa, haiondoki kwa kuwa unarejea: gari isipite miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza.

Kutoka: Mkaazi wa Bamburi (nilirudi, niko nyumbani)

Mwana wa Kuze, mimi sijui ya mkopo. Ninalolijua ni ukutani kwenu, na hilo lisipotazamwa kwanza, hata ukipata msamaha gari italala uani.

Nina Nissan Leaf, gari ya umeme ya Japani. Miezi ya mwanzo nilichaji kwa soketi ya kawaida ya sebuleni. Usiku mmoja nikaamshwa na harufu ya plastiki. Nilipokwenda kuchomoa, plagi imenata. Uso wa soketi umebonyea kama sabuni iliyosahauliwa majini, na pini moja imekuwa nyeusi. Fundi alipoifungua akanionyesha skrubu: kutu ya kijani, nyaya zimelegea. Ni chumvi ya bahari. Pasi na jagi la umeme ni dakika chache, soketi yavumilia. Gari yavuta umeme usiku kucha.

Betri yako ni kilowati-saa 88.5. Kwa ampea 10 za soketi ya kawaida wapata kama kilowati 2.4, maana yake saa 37 kuijaza. Ukivutiwa laini yake mbali ya ampea 32, breka yake, waya mnene na ethi (waya wa kwenda ardhini) iliyopimwa, wapata kilowati 7.4, saa 12 hivi. Mwite fundi kabla hujalipa nauli ya meli.

Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ilitoa bei ya umeme wa magari, Sh16 kwa yuniti na Sh8 saa za usiku, kabla ya kodi. Lakini ni kwa anayetumia kuanzia yuniti 200 kwa mwezi, mara mbili na kidogo kuijaza yako. Kwa kazi ya samaki utazipita. Kwa kwenda msikitini na sokoni tu, huzifiki.

Tundu lako la chaja ya haraka ni la aina ya CCS2, langu CHAdeMO, hayaingiliani; usije ukaelekezwa kwenye chaja yangu. Na Maxus hiyo yasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ukiwa na barafu mgongoni juu ya mchanga uliolowa, utayajua.

Kutoka: Abu Salma (Dubai)

Na meli? Kuna kampuni zakataa gari ya umeme iliyotumika. Mwaka 2022 Felicity Ace iliungua na magari kama 4,000 ikazama Atlantiki kwa sababu ya betri.

Kutoka: Mama Tudor (Milton Keynes)

Chanzo cha moto ule hakikuthibitishwa, Abu Salma. Nawe ndiye uliyetuambia tuwe waangalifu. Lililo kweli ni kuwa betri ya lithiamu yahesabiwa mzigo wa hatari, daraja la 9, basi aitangaze wazi kwenye karatasi.

Kutoka: Binti Likoni (Minneapolis)

Nimesoma hapo kwenye barafu na mchanga nikalia. Nje theluji imefika dirishani. Nimeikumbuka feri alfajiri, watu kimya, mwanamke na beseni la mahamri, kusi yapiga usoni. Miaka yote twaahidiwa daraja, na jirani zetu walikufa feri ya Mtongwe ilipozama 1994. Sasa barabara ya Dongo Kundu, ya kuvuka bila feri, ipo, alhamdulillahi, lakini anayekwenda kwa miguu bado aingoja feri. Halafu 2023 ushuru wa forodha wa magari ukapandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Mtu arudi vipi?

Kutoka: Mkaazi wa Bamburi

Rudi dadangu. Twakungoja.

Kutoka: Mwana wa Kuze (Leicester)

Nawashukuru sana. Nimempigia mama; mita iko ukumbini, na kutoka hapo hadi tunapoegesha ni hatua ishirini na mbili, kazihesabu mwenyewe simu ikiwa mkononi. Fundi aja Jumamosi.

Lakini ofisi yataka jibu langu kabla ya Ijumaa. Kuna yeyote humu aliyemaliza mkopo kisha akarudi na gari ile ile?