Mliosoma au kusomesha watoto kwenye shule za kati za Uingereza zilizofungwa: tupeane uzoefu

Wadau, salaam kwenu nyote, mlioko huku Uingereza na mlioko nyumbani.

Shule aliyosoma kifungua mimba wangu hapa Bedford haipo tena. Ilikuwa middle school, yaani shule ya kati, ya watoto wa miaka 9 hadi 13. Nimemsikia akiwaeleza wenzake wa chuo waliokulia London, na hawakumwelewa kabisa. Kwao kuna msingi, halafu sekondari ukifika miaka 11, basi. Nikaona tukikaa kimya historia hii itapotea, maana wengi wetu tulifikia kwenye miji hii hii: Bedford, Northampton, Milton Keynes. Watoto wetu wamo kwenye picha za shule hizo, na sisi tulifanya kazi humo jikoni, kwenye usafi na kwenye kuvusha watoto barabara.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Zamani Uingereza mtoto wa miaka 11 alifanya mtihani wa kuchuja, ule wa eleven-plus. Wachache walikwenda grammar school, sekondari ya waliofaulu, wengi wakapelekwa secondary modern, sekondari ya waliobaki. Mwaka 1965 serikali ikazitaka halmashauri zilete mipango ya kuondoa mchujo huo ili watoto wote wasome sekondari moja. Fedha za majengo mapya hazikuja. Wakati huohuo ilijulikana umri wa kumaliza shule utapandishwa kutoka miaka 15 hadi 16, jambo lililotimia mwaka wa masomo 1972/73. Majengo ya sekondari yasingetosha. Aliyekuwa mkuu wa elimu wa West Riding ya Yorkshire, Alec Clegg, alikuwa ameshapendekeza ngazi tatu: miaka 5 hadi 9, 9 hadi 13, kisha 13 hadi 18. Sheria ya mwaka 1964 ilikuwa imefungua mlango kwa kuruhusu shule zinazovuka ule mpaka wa miaka 11. Shule za kwanza za aina hii zikafunguliwa West Riding mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na zaidi ya 1,400. Leo zimebaki chache: Northumberland, Worcestershire, Windsor, baadhi ya maeneo ya Central Bedfordshire na kwingine hapa na pale.

Mimi naamini mwanangu alipata kitu pale ambacho wadogo zake hawakukipata. Alipoingia akiwa na miaka 9 alikuwa na mwalimu wake wa darasa kama shule ya msingi, lakini sayansi alifundishwa na mwalimu wa sayansi, ndani ya maabara yenye mabomba ya gesi. Kila mwaka masomo yenye mwalimu wake maalumu yaliongezeka. Hadi anafika miaka 13 alikuwa ameshazoea mtindo wa sekondari, na hakuna siku aliyoingizwa ghafla kati ya mijibaba ya miaka 18.

Karibuni. Msitaje majina ya walimu wala ya watoto. Mji na miaka inatosha.

Mama wa Northampton

Asante dada kwa kuanzisha. Mimi nilifika na binti yangu akiwa na miaka 11 na nusu, ametoka darasa la sita Dar. Kichwani nilijua moja kwa moja kwamba anaingia sekondari. Ofisi ya elimu wakanipa barua ya shule ya kati. Nililia, nikidhani wamemrudisha nyuma kwa sababu ya Kiingereza chake. Jirani Mjamaika ndiye aliyenikalisha chini akanieleza kwamba watoto wote wa umri wake mji mzima wako huko.

Na ikawa heri. Ile shule ilikuwa na watoto kama mia nne hivi. Mwalimu mkuu alimjua kwa jina ndani ya wiki ya kwanza. Wale wadogo wa miaka 9 walimchukulia kama dada yao, akapewa kazi ya kusoma nao vitabu baada ya chakula cha mchana, na Kiingereza chake kilinyooka kwa kuwasomea wadogo. Kwenye sekondari ya watoto elfu moja na zaidi, mgeni wa miaka 11 ndiye mdogo kuliko wote. Nani atamwomba amsomee mtu kitabu?

Northampton mfumo uliondolewa mwaka 2004. Shule za wadogo zikawa za msingi kamili, zile za juu zikashusha umri, na majengo ya kati mengine yakageuzwa shule za msingi. Wa kwangu alikuwa ameshavuka.

Baba Watatu

Naheshimu mlivyosema, lakini niseme na upande wa pili. Mimi nina watoto watatu, na kuna mwaka mmoja walikuwa shule tatu tofauti. Mageti matatu, sare tatu, vikao vya wazazi vitatu, na shule zote zinafungua saa ileile. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku hospitali. Asubuhi nilikuwa nakimbia kama kondakta.

La pili, kuhama kwenyewe. Mtoto akihama shule anapoteza muda akijifunza watu wapya, na kwenye ngazi tatu anahama mara mbili. Wa kwangu wa kati alifika shule ya juu akiwa na miaka 13, na haukupita mwaka akatakiwa kuchagua masomo ya mitihani ya GCSE, ile ya miaka 16. Walimu hawamjui, naye hawajui. Alichagua historia kwa sababu rafiki yake kachagua historia. Walipotangaza kuondoa mfumo mimi nilipiga kura ya ndiyo kwenye ile dodoso ya halmashauri, na leo ningepiga hiyohiyo.

Aliyeanzisha

Baba Watatu, hoja ya kuhama ni nzito na siipuuzi. Tena kwa familia zetu za zamu za usiku, mageti matatu ni adhabu. Lakini hilo la kuchagua masomo bila kujulikana na walimu lilitegemea shule mbili zinaongeaje. Kwetu mwalimu wa hesabu wa shule ya juu alikuwa anakuja kufundisha shule ya kati siku moja kwa wiki katika muhula wa mwisho. Pale palipokuwa na ushirikiano wa namna hiyo mtoto hakupotea. Palipokosekana, naam, yalitokea unayoyasema.

Mjumbe wa zamani wa bodi

Nilikuwa mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule ya kati, nje ya Bedford. Watu wengi hawajui ni nini hasa kilichoziua, ngoja niwape nilichokiona mezani.

Sheria ya elimu ya mwaka 1988 ilileta mtaala wa taifa na kuugawa kwa hatua. Hatua ya pili ni miaka 7 hadi 11, ya tatu ni 11 hadi 14. Angalia shule ya miaka 9 hadi 13 inavyokaa hapo: inapokea mtoto katikati ya hatua ya pili, inamwachia katikati ya hatua ya tatu. Hakuna hatua hata moja inayoianza na kuimaliza yenyewe.

Sasa mtihani wa mwisho wa hatua ya pili unafanywa mwezi Mei, mtoto akiwa mwaka wa 6 wa masomo, yaani ana miaka 10 au 11. Wetu alikuwa ameingia Septemba ya mwaka wa masomo uliotangulia. Miezi kumi na kitu ya mwaka wake wa kwanza kwetu, likizo, miezi minane, mtihani huo. Matokeo yanatangazwa kwa jina letu, ingawa miaka mingi ya kujifunza kusoma na kuhesabu ilikuwa kwenye shule ya chini. Halafu watoto wetu wakifanya vizuri baadaye kwenye GCSE, sifa zinakwenda shule ya juu. Tulikuwa tunakaa kikaoni na karatasi zinazoonyesha tumeshuka, na kila mtu chumbani anajua karatasi haisemi kazi tuliyoifanya.

Juu ya hapo kuna viti vitupu. Idadi ya watoto wanaozaliwa ilishuka miaka ya 1970, na fedha za shule zinafuata idadi ya wanafunzi. Halmashauri yenye ngazi tatu na madarasa nusu tupu inaona njia rahisi: ondoa ngazi moja, uza kiwanja kimoja, hamishia watoto kwenye hizo mbili zilizobaki. Mfumo ulianza kwa hesabu ya majengo, ukaondolewa kwa hesabu ya majengo. Nilikaa kwenye vikao vingi na swali la mtoto wa miaka 9 anahitaji nini liliulizwa na wazazi tu.

Mkazi wa Milton Keynes

Kwetu umri ulikuwa tofauti, ni vizuri ijulikane. Shule za kati za Milton Keynes zilikuwa za miaka 8 hadi 12. Ndivyo ilivyopendekeza ripoti ya Plowden ya mwaka 1967, ile ripoti kubwa kuhusu shule za msingi. Na kisheria hazikuwa kitu kimoja: za 8 hadi 12 zilihesabiwa shule za msingi, za 9 hadi 13 zikahesabiwa sekondari, kwa hiyo hata fedha na vifaa havikufanana. Za kwetu hazikuwa na karakana ya mbao. Mwanangu alipofika sekondari na miaka 12 ndipo aliposhika msumeno kwa mara ya kwanza.

Mama Usafi

Mimi sikusomesha mtoto pale. Nilifanya usafi shule ya kati kwa muda mrefu, mpaka inafungwa.

Jengo lilikuwa la miaka ya 1970, paa bapa, linavuja. Lakini aliyelichora aliwafikiria watoto. Mrengo wa wadogo masinki ya kunawia yalikuwa chini, yananifika gotini na kidogo, na ndoano za makoti chini vilevile. Ukivuka ukumbi kwenda mrengo wa wakubwa masinki yanapanda. Kulikuwa na jiko la mapishi lenye majiko madogo mengi, na karakana ya mbao. Ijumaa nilikuwa nafagia vumbi la mbao na kuokota vipande vya unga uliokauka siku hiyohiyo.

Kufunga hakukuwa siku moja. Mwaka wa kwanza hawakupokea wa miaka 9. Mwaka wa pili wakakosekana wa miaka 9 na wa 10. Mrengo wa wadogo ukafungwa taa, mimi nikaambiwa nisisafishe tena huko. Walimu wakawa wanaondoka mmoja mmoja kutafuta kazi, na huwezi kuwalaumu, wana mikopo ya nyumba. Wale watoto wa mwisho walifundishwa na walimu wa muda, wanabadilika kila muhula. Hilo ndilo lililoniuma. Waliozungumza kuhusu mfumo mpya walizungumza kuhusu watoto watakaokuja, na hawa waliokuwepo wakamalizia shule inayobomoka mikononi mwao.

Wiki ya mwisho lililetwa kontena la taka. Vikombe vya michezo, madaftari ya kumbukumbu, zile picha ndefu za shule nzima zilizokunjwa kama mkeka. Niliomba ruhusa nikachukua picha tatu. Ninazo hadi leo. Nyuma ya moja kuna mwaka umeandikwa kwa penseli, 1979, na mstari wa mbele wamekaa chini wamekunja miguu, soksi zimeshuka.

Mzee wa Reading

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mimi nilisoma shule ya kati, ila ya Tanganyika.

Mfumo wetu chini ya Mwingereza katika miaka ya 1950 ulikuwa nne, nne, nne. Darasa la kwanza hadi la nne, halafu mtihani. Ukifaulu unakwenda shule ya kati, la tano hadi la nane. Wengi waliishia la nne, msisahau hilo. Kwetu ilikuwa bweni, mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani, na Kiingereza ndipo kiliposhika kasi hadi tukawa tunafundishwa kwacho. Mchana jembe. Shule za kati nyingi zilikuwa na shamba lake na mifugo. La nane ukifanya vizuri unakwenda sekondari, wengine ualimu. Walioingia ualimu na la nane walitoka na cheti cha ualimu cha daraja C, na hao ndio waliofundisha nchi hii yetu ilipopata uhuru.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki. Katikati ya miaka ya 1960 serikali yetu ilianza kuziunganisha na zile za darasa la kwanza hadi la nne, ikafanya shule ya msingi ya miaka saba, ili mtoto asikatwe akiwa na la nne tu. Ndiyo kusema wakati West Riding wanafungua shule zao za kati, sisi tulikuwa tunamalizia kuziondoa zetu. Na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya haki. Wao walikuwa wanakimbia mchujo wa miaka 11, sisi tunakimbia mchujo wa darasa la nne.

Aliyeanzisha

Shikamoo mzee. Hili sikuwahi kulisikia likisemwa hivi.

Mkenya wa Windsor

Shikamoo Mzee. Kwetu Kenya nako zilikuwepo, za intermediate, darasa la tano hadi la nane na mtihani wa KAPE mwishoni. Baba yangu alipitia hiyo.

Niongeze la leo. Kenya imeanzisha junior school, gredi ya 7 hadi 9, na darasa la kwanza liliingia Januari 2023. Baada ya mvutano ikaamuliwa wakae kwenye shule za msingi. Dada yangu ni mwalimu huko na kilio chake ni maabara na walimu wa masomo maalumu. Nikisoma hapo juu kuhusu karakana, majiko madogo na mabomba ya gesi, naona ndicho wanachokihitaji watoto wa umri huo. Huku Windsor watoto wangu wawili wako shule ya kati inayofanya kazi vizuri kabisa. Nikienda likizo nawapelekea picha walimu wa kwetu waone maabara ya mtoto wa miaka 10 inavyopangwa.

Aliyeanzisha

Mama Usafi, zile picha tatu tafadhali usizitupe. Bedford kuna ofisi ya kumbukumbu za kaunti inayopokea nyaraka za shule zilizofungwa, na kaunti nyingine nazo zina zao. Wapigie, waeleze ulichonacho, hata nakala huenda wakazichukua. Mwenye jarida la shule, ratiba ya masomo, beji ya sare au cheti cha michezo afanye hivyo hivyo. Na mwenye mtoto aliyesoma Isle of Wight, ambako mfumo uliisha mwaka 2011, bado hatujakusikia. Aliyekuwa kwenye lile kundi la mwisho kabisa, la madarasa yaliyokuwa yanapungua, nakuomba uandike.