Tupeane uzoefu: Mliopunguza tumbo kwa upasuaji, mnakulaje huku kwetu Nyanda za Juu?

Mama Uyole
Habari za jioni wapendwa. Karatasi ya lishe niliyopewa nilipotoka hospitali ni nzuri, ila imeandikwa kwa mtu anayekula kuku asiye na ngozi na saladi. Huku kwetu asubuhi viazi, mchana ugali, jioni ndizi za Tukuyu. Kwa hiyo waliopita njia hii karibuni, tuambizane mnavyofanya kwa sufuria zetu hizi hizi.

Mimi nilikatwa mfuko wa tumbo, ule upasuaji wa kuondoa zaidi ya robo tatu, kinachobaki ni mrija mwembamba kama ndizi. Zile wiki za mwanzo za supu iliyochujwa, kisha uji mwepesi, kisha vya kupondwa, sina neno nazo, maana unafuata tu ulichoandikiwa. Shule yenyewe inaanza ukiruhusiwa chakula cha kawaida.

Nyumbani nakulia kwenye kisosi, na kijiko ni cha chai. Nimefundishwa protini kwanza, mboga zinafuata, wanga mwisho kama nafasi ipo. Sasa sisi tumelelewa kinyume chake. Ugali ndio chakula, vingine vyote ni vya kusukumia. Siku hizi naanza na usipa, dagaa wetu wa Kyela, waliopikwa wakalainika, au yai, au maharage ya kuponda, na tonge la ugali likija ni la ukubwa wa kidole gumba. Siku nyingi haliji. Mwanzoni nilikuwa nanyanyuka mezani nimeshiba lakini nahisi sijala. Mnielewe, tumbo limejaa na kichwa kinauliza ugali uko wapi. Hiyo hali imenichukua muda mrefu kuliko kidonda.

Halafu kuna maji. Sinywi na chakula, nasubiri nusu saa baada ya kumaliza, kisha nakunywa kwa mafunda madogo madogo siku nzima. Na baridi ya Uyole hii, nisipojikumbusha inafika jioni sijagusa maji. Nayapasha moto, nayaweka kwenye chupa ya chai, inasaidia.

Mnyalu wa Kihesa
Kamwene! Mimi ni baipasi, nilifanyiwa India. Kifuko walichonitengenezea mwanzoni kilichukua kama vijiko viwili vikubwa tu, na kimeungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Ndiyo maana sukari kwangu ni adui wa wazi. Ikiingia nyingi inashuka kwenye utumbo kwa mkupuo, utumbo unavuta maji, na hapo utajua hujui.

Nilikwenda ukweni, shemeji akanimiminia chai ya maziwa ameshaikoroga sukari huko huko kwenye sufuria. Kukataa chai ya ukweni nani anaweza? Haikupita robo saa, jasho, moyo unakimbia, tumbo linasokota, nikaomba kujilaza. Wakadhani nimetegwa na mtu njiani.

Tangu hapo nikifika mahali nasema mapema, "dokta kanikataza sukari." Sisemi zaidi. Kila ukoo una mgonjwa wa kisukari, kwa hiyo hakuna anayehoji, na chai inaletwa bila sukari. Ukianza kueleza upasuaji, utageuka mjadala wa kijiji kizima na wengine wataomba kuona kovu.

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nimeachana nao. Ule mtamu wa asubuhi ni sukari tupu, na ukishachacha pombe inapanda haraka mno kwa mtu mwenye baipasi. Mnaosema "kidogo tu" shauri yenu.

Fundi Mwanjelwa
Mwenye puto la kuwekwa tumboni naruhusiwa kuchangia? Nilisafiri hadi Dar kuwekewa, na langu ni la miezi sita, halafu linatolewa. Naomba kuuliza, njiani kwenye basi mnafanyaje? Gari likisimama mnaambiwa dakika kumi za kula na kuchimba dawa. Mimi dakika kumi namaliza mayai mawili kwa shida.

Mama Uyole
Karibu sana fundi. Usiingie ile foleni ya chipsi kabisa. Beba kikopo chako, mayai ya kuchemsha au samaki aliyechambuliwa, ule gari likiwa linatembea, taratibu. Hiyo dakika kumi tumia kuchimba dawa tu.

Mke wa Mwalimu, Njombe
Nachangia kama mpishi, aliyefanyiwa ni mume wangu. Nyama choma ndiyo iliyotutesa. Yeye ni mtu wa kula haraka, ualimu wa zamani huo, kengele imelia. Pande la nyama lenye nyuzi linakwama, anashika kifua, mate yanajaa, mpaka alitapike. Mtaalamu wa lishe akasema tatizo ni kasi na kutafuna, akamwambia aweke kijiko chini kila anapomeza. Mimi nimehamia kuku wa kuchemsha mpaka anaachia mfupa, samaki, na nyama ya kusaga kwenye mchuzi. Familia inakula chungu hicho hicho, sipiki mara mbili. Cha kwake nampakulia kabla ya wote kwenye bakuli la mtoto, maana akijipakulia mwenyewe mkono bado una vipimo vya zamani.

Jambo jingine, angalieni maduka ya dawa. Mgongo ulimuuma, muuzaji akatoa diklofenaki. Bahati nilikumbuka onyo la daktari, nikairudisha. Dawa za jamii hiyo pamoja na ibuprofeni zinaweza kuleta vidonda kwenye tumbo lililofanyiwa kazi, hasa kwa watu wa baipasi. Tukapewa panado.

Mwana Rungwe
Nimewasoma wote mnalia chakula kukwama. Mimi nalia chakula kuteleza. Kwetu parachichi linaokotwa chini ya mti, na mtaalamu alinisifu kwa kula kitu chenye mafuta mazuri. Lakini parachichi halikwami. Uji wa karanga haukwami. Unakula, baada ya nusu saa pana nafasi tena, unakula tena, na tumbo halikupigii kelele. Mizani ikasimama miezi, ndipo tukakaa na daftari tukaona chanzo. Sasa napima nusu tunda, nakula pamoja na maharage, siyo peke yake nikiwa napita jikoni.

Nywele zilinyonyoka mwezi wa nne hivi, nikasuka mabutu, zikarudi. Vidonge navyo ni vya maisha, msidanganyane. Cha chuma na cha kalsiamu nameza kwa saa tofauti kwa sababu vinagombana. Na ndugu zangu wa Mufindi mnaolima chai mnisamehe, cha chuma sikimezi na chai, inazuia kisifyonzwe vizuri.

Fundi Mwanjelwa
Hapo kwenye kuteleza umenigusa dada. Daktari wangu aliniambia puto litatoka lakini tumbo langu ni lile lile, kwa hiyo nisipojifunza sasa nitarudi nilikotoka. Na Desemba hii nina send-off mbili na harusi. Ukumbini unapakuliwa pilau mlima, nyama juu, na ukiacha chakula wanasema una dharau au unaumwa ule ugonjwa. Nafanyaje?

Mke wa Mwalimu, Njombe
Foleni ikifika kwako mwambie anayepakua, "hiyo ni ya mtoto." Anaweka kidogo mwenyewe bila maswali. Mwalimu ana watoto hewa kwenye kila harusi ya Njombe.