Naomba mwongozo: sanduku la picha za familia tangu enzi za reli, nataka kuzitengenezea albamu ya kidijitali

Mjukuu wa Pangani

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Niende kwenye mada moja kwa moja. Mzee wetu alikuwa mtu wa reli. Alianzia Tanga, akahamishiwa Tabora, kisha Nairobi hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ndipo akarudi nyumbani. Kila kituo alichopangiwa alikuwa na kawaida ya kutuvalisha na kutupeleka studio. Matokeo yake mama ana sanduku la bati limejaa picha: nyeusi na nyeupe, za rangi, za pasipoti, bahasha za negativu, na albamu moja ya zile kurasa za gundi zenye nailoni juu. Mzee ametangulia mbele ya haki, mama umri umekwenda, na sisi watoto tumetawanyika: kaka yuko Muscat, dada Mombasa, mdogo wetu Leicester. Kila mmoja anataka picha, na sanduku ni moja.

Nimeona watu wanatengeneza albamu kwenye kompyuta, kila ukurasa una picha mbili tatu, maelezo na urembo kidogo, halafu wanatuma PDF kwenye kundi la familia au wanachapisha kitabu. Nimeipenda sana. Nina simu ya kawaida ya Android na laptop ya kizee. Photoshop sijawahi kuigusa. Nianzie wapi? Programu gani ya bure inafaa? Ninunue skana au simu inatosha? Na hizi za rangi ambazo zimekuwa nyekundunyekundu zinatibika?

Kigoda Mbele

Naweka kiti hapa. Na mimi nina sanduku kama hilo, wajuzi waje.

Fundi Skana

Mkuu, karibu. Kwanza sahau habari ya programu na urembo. Hiyo ni kazi ya mwisho, na ndiyo inayowamaliza watu: mtu anakesha anapamba ukurasa wa kwanza, sanduku zima linabaki vilevile. Anza kuzihamisha picha ziingie kwenye kompyuta zikiwa safi, ukurasa utatengeneza hata mwakani.

Skana ya meza kama unaweza kuazima ofisini au kuelewana na mwenye steshenari, itumie. Picha ya saizi ya kawaida, ile ya inchi 4 kwa 6, iskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Utapata pikseli 2400 kwa 3600, ambazo zinatosha hata ukitaka kuikuza mara mbili kwenye karatasi. Za pasipoti panda hadi 1200, maana ni ndogo na uso ndio wote. Watu wa steshenari wamezoea kuskani vyeti kwa 200 au 300, tena wanabana faili liwe dogo la kutuma kwa barua pepe. Mwambie kabla hajabonyeza, na kaa hapohapo. Usimwachie sanduku ukaenda kula.

Faili mama lihifadhi kama TIFF. Picha moja ya namna hiyo inakula kama MB 26, ni kubwa, lakini haipotezi kitu. JPEG kila ukiifungua, ukaihariri na kuihifadhi upya inapungua ubora kidogo. Kwa hiyo TIFF ikae kabatini, JPEG ndiyo ya kuchezea.

Simu nayo si mbaya kwa kuanzia. Kuna programu ya bure ya Google inaitwa PhotoScan, inapiga picha moja kwa awamu kadhaa kisha inaunganisha ili kuondoa mng'ao wa taa. Kaa karibu na dirisha, kivulini, zima flashi. Kwa picha za kawaida zitakazobaki kwenye simu za ndugu, inatosha kabisa. Kwa zile za studio za mzee, tafuta skana.

Za rangi zilizokuwa nyekundu: rangi moja ndani ya karatasi, ile ya samawati, imefifia kuliko wenzake, ndiyo maana picha nzima inaelemea wekundu. Ukishaiskani, kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha, ya bure, na laptop ya kizee inaiweza) kuna sehemu ya kusawazisha rangi, unarudisha samawati na kijani polepole. Haitarudi kama mpya ila nyuso zitakuwa za watu. Nyeusi na nyeupe zinadumu zaidi kwa sababu taswira yake ni ya madini ya fedha, si rangi.

Bi Mkubwa wa Vuga

Mwanangu, hayo ya mashine wameshakwambia wanaojua. Mie nakwambia la mama. Umesema umri umekwenda. Basi usimsubirishe mpaka umalize kuskani. Kaa naye leo na picha, uwashe simu irekodi sauti, uiweke pembeni asiione sana.

Usimuulize "huyu nani?" picha moja baada ya nyingine kama polisi, atachoka. Muulize siku ile ilikuwaje. Mie nilimpa shangazi picha ya arusi, wanawake wamekaa mkekani, nikamuuliza pilau lilipikwa wapi. Akaanza na masufuria waliyoazima, akaenda kwa jirani aliyekataa kuazimisha, mara akanigusia yule bibi wa pembeni aliyejifunika nusu uso, kumbe ndiye huyo jirani! Alikuja arusini japokuwa wamegombana. Jina lake hakuna mwengine nyumbani aliyekuwa analijua.

Tena tazama nyuma ya kila picha. Studio zetu nyingi zilikuwa zikigonga mhuri. Hapa Mji Mkongwe, Capital Art Studio ilianza 1930, picha zake zimo katika nyumba chungu nzima. Mhuri hukupa mji hata kama mtu amesahau. Basi na nyuma kuskaniwe pia, si mbele tu.

Dogo Apu

Mnamchosha mzee wa watu bure. Siku hizi kuna AI, unaweka picha iliyochakaa inatoka HD, ina rangi, mpaka inakonyeza. Dakika moja kazi imekwisha.

Fundi Skana

Dogo, hiyo inakonyeza kweli, ila anayekonyeza si babu yako. Pale ambapo sura imefutika, ile programu haijui ilikuwaje, inakisia kutokana na nyuso nyingine ilizowahi kuziona. Inabadili pua, inang'arisha ngozi, inafuta chale. Ukitaka kufurahisha kundi la familia tengeneza, lakini iandike jina tofauti na isije ikakaa mahali pa picha halisi. Vijukuu wataamini ndivyo alivyokuwa.

Wa Kisauni

Mimi niko Mombasa, niseme jambo ambalo halijatajwa. Picha za zamani zina watu, na watu wana haki zao. Kwetu tulipoanza kutuma kundini, shangazi mmoja alikasirika vibaya, kwa sababu kuna picha za ujana wake akiwa kichwa wazi, gauni fupi la miaka ya 70, na leo yeye ni mama wa madrasa. Hakuwa na neno picha kuwekwa, hakutaka zizunguke. Vilevile kuna wake walioachwa, kuna watoto ambao habari zao nyumbani huzungumzwa kwa sauti ya chini. Tengeneza albamu mbili, ndugu yangu. Moja ya wote, nyingine ya sanduku. Na Facebook usipeleke kitu bila kuuliza.

Dada Kurasa

Haya, nami niingie kwenye urembo maana ndiyo starehe yangu, wala sikubaliani sana na Fundi kwamba usubiri mpaka mwakani. Mtu asipoona ukurasa mmoja mzuri mapema anakata tamaa. Chukua picha nne za tukio moja, tengeneza ukurasa mmoja, mwonyeshe mama. Ukiona alivyofurahi utapata nguvu ya kuskani zilizobaki.

Kuna programu ya kupangia kurasa inaitwa Canva, toleo la bure linatosha, kwenye simu na kwenye kompyuta. Kabla hujaanza, weka vipimo wewe mwenyewe. Ukurasa wa mraba wa inchi 12 ni pikseli 3600 kwa 3600. Ila kwa kuwa karatasi inayopatikana kila mahali kwetu ni A4, mimi nakushauri pikseli 2480 kwa 3508, hata steshenari ya mtaani watakuchapia. Acha pambizo ya kutosha upande wa kushonea kitabu, la sivyo nusu ya shangazi itamezwa na waya.

Ukurasa mmoja, tukio moja. Picha moja iwe kubwa, nyingine zimsindikize. Mwandiko aina mbili tu, mmoja wa kichwa na mmoja wa maelezo. Na hayo maua na vipepeo vya kwenye programu, tafadhali, yapunguze. Familia yenu ina urembo wake. Chukua kanga ya mama, itandaze kivulini ikiwa imepigwa pasi, ipige picha kutoka juu sawasawa. Pindo inakuwa ukanda wa pembeni mwa ukurasa, mji unaufifisha unakuwa mandhari ya nyuma, na jina la kanga linakaa chini kama maneno ya ukurasa. Nilifanya hivyo kwa ukurasa wa bibi, nikatumia kanga aliyofungiwa nayo ndoa. Pia tiketi za treni, kadi za mwaliko, barua zenye mwandiko wa mzee: skani vyote, ndivyo vinavyopamba.

Mjukuu wa Pangani

Aisee, sikutegemea majibu haya. Bi Mkubwa, jana nimekaa na mama, nimemuuliza habari ya kuhama Tabora, kaongea mpaka adhana ya alfajiri imetukuta. Tiketi za treni sina, ila kuna kitambulisho cha kazi cha mzee na barua zake za uhamisho.

Bado nina mambo mawili. Hizi za albamu ya gundi zimekamata, nikivuta naona karatasi inataka kuchanika. Na kuna picha ya arusi yao imegandana na kioo cha fremu. Nyingine zina ukungu mweupe.

Mtunza Nyaraka

Usivute. Nilifanya kazi masjala miaka mingi, picha zilizoharibiwa na mikono ya haraka ni nyingi kuliko zilizoharibiwa na mvua.

Ya kwenye kioo iache na kioo chake. Iskani hivyohivyo au ipige picha kwa simu ukiwa umesimama pembeni kidogo na taa. Ukiibandua, uso wa picha utabaki kwenye kioo. Za albamu ya gundi, fungua nailoni taratibu, kisha chukua uzi wa kusafishia meno usio na ladha, upitishe chini ya pembe ya picha, uusogeze huku na huku kama unakata. Isipokubali, iskani ikiwa palepale kwenye ukurasa, usishindane nayo. Zikitoka, usizirudishe kwenye albamu ya namna hiyo, ile gundi ndiyo inayozila.

Ukungu: toa nje picha hizo peke yake, mbali na nzima, vaa barakoa, ziache kivulini penye upepo zikauke kabisa, ndipo upanguse kwa brashi laini kavu. Maji hapana, spiriti hapana, jua kali hapana. Na lile sanduku la bati, kwa hewa ya pwani, linavuta jasho. Funga picha kwenye bahasha za karatasi, zikae kabati la chumba kinachopita hewa, juu, mbali na sakafu na mchwa. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huchora hadi upande wa pili. Msizipeleke kutiwa plastiki ya moto, tafadhali.

Negativu usitupe hata moja. Hizo ndizo asili, picha ni nakala yake.

Abiria wa Zamani

Kijana wa reli, nikusaidie tarehe. Ukiona ubao au behewa nyuma ya mzee limeandikwa E.A.R. & H., hiyo ni East African Railways and Harbours, iliyokuwapo tangu 1948 hadi 1969 ilipotenganishwa, reli kivyake na bandari kivyake. Kwa hiyo picha hiyo ni ya kabla ya hapo, au baada yake kidogo kwa kuwa mabehewa hayakupakwa rangi siku moja. Zile za pambizo nyeupe za miaka ya 60, angalia ukingoni, nyingi zimechapwa mwezi na mwaka. Ila huo ni mwezi wa kusafishwa, si wa kupigwa. Filamu iliweza kukaa ndani ya kamera kutoka Idi hadi Idi.

Mjukuu wa Pangani

Mzee wangu Abiria, nimekimbia kuangalia. Ipo moja, mzee kasimama kando ya behewa, herufi zinaonekana nusu: "& H." Tulikuwa tunaamini ni ya 1975! Mama anasema hapo alikuwa bado hajamuoa.

La mwisho: majina ya mafaili, na namna ya kuwatumia ndugu. Nikituma WhatsApp zinafika hafifu.

Fundi Skana

Jina lianze na mwaka, kisha mahali, kisha watu: 1968_Tabora_baba-na-behewa. Mwaka ukiwa mbele kompyuta inazipanga yenyewe. Usipojua mwaka kamili andika 196x, utarekebisha baadaye.

WhatsApp ukituma kama picha inazibana na kuondoa taarifa zilizomo ndani. Tuma kama dokumenti, zitafika nzima. Zikiwa nyingi weka kwenye Google Drive, umpe kila mtu kiungo, ila kumbuka bure ni GB 15 tu zinazochangiwa na barua pepe yako, na tangu Juni 2021 hata Google Photos inahesabiwa humo. TIFF zitaimaliza upesi. Kwa hiyo TIFF ziwe kwenye diski ngumu (hard disk) mbili, moja ibaki kwako, nyingine kaka akija likizo arudi nayo Muscat. Flashi diski isiwe ghala, inakufa bila kuaga.

Dada Kurasa

Na ukurasa wa behewa ukikamilika tuwekee hapa tuuone. Muulize mama kwanza.